Mkioana, Ushuru ni wa Mtu, Bima ni ya Nyumba

 

Leo nazungumza na waliooana karibuni huku kwetu Kisegi na kwa jirani zetu wa ufuoni mwa ziwa. Iwe mlifunga ndoa kanisani, iwe wazee walipeleka ayie, yale malipo ya kwanza ya posa, kisha ng'ombe wakafuata, iwe mlikwenda kwa msajili mkatia sahihi mbele ya mashahidi wawili, neno langu ni lenu nyote. Baada ya sherehe kuna karatasi, na mwezi wake ni Juni. Tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya ushuru ya mwaka uliotangulia. Kila mwaka maharusi huuliza swali moja: sasa kwa kuwa tumekuwa mwili mmoja, je, tujaze ritani moja? Na bima ya hospitali, alipe mmoja au tulipe wote wawili?

Nitalijibu mapema, kisha nieleze. Hapa Kenya ushuru wa mapato unamfuata mtu kwa jina lake na PIN yake, nambari yake ya ushuru. Bima ya afya ya serikali inaifuata nyumba. Ndoa inavigusa vitu hivi viwili kwa namna mbili tofauti, na nyumba nyingi changa hufanya kinyume: wanauchukua ushuru kama jambo la bwana peke yake, halafu bima kila mmoja anajiandikisha kivyake. Hapo ndipo pesa na matibabu vinapopotea.

Tuanze na ushuru, maana una historia ambayo kila mke anafaa kuijua. Sheria yetu ya Ushuru wa Mapato ilipitishwa mwaka 1973, ikaanza kutumika mwanzoni mwa 1974. Kifungu chake cha 45 kilisema kwamba mapato ya mwanamke aliyeolewa na anayeishi na mumewe yatahesabiwa kuwa mapato ya mumewe, na ushuru wake atatozwa mume. Mama angeamka saa tisa usiku kungoja boti, anunue samaki, aanike, auze, asomeshe watoto; mbele ya sheria ile, pato lile lilikuwa la bwana. Wazo hilo tulilirithi kwa Waingereza, na wao wenyewe waliliacha Aprili 1990, mke alipoanza kuhesabiwa kwao kuwa mlipa ushuru kamili. Kwetu, mke alikuja kufunguliwa mlango wa kuchagua kuwasilisha ritani yake mwenyewe, na siku hizi hivyo ndivyo watu wanavyofanya. Lakini alama ya zamani imebaki. Katika fomu ya iTax, mtandao wa ritani, ambayo tumekuwa tukiijaza, kuna swali la iwapo unataka kutangaza mapato ya mke. Swali la mapato ya mume halimo.

Sasa chukueni Katiba ya 2010, mtafute kifungu chenye nambari ile ile, cha 45, ibara ndogo ya tatu. Kinasema wanandoa wana haki sawa wanapooana, wakiwa katika ndoa, na hata ndoa inapovunjika. Vifungu hivi viwili vya 45 haviwezi kuwa kweli vyote viwili. Mimi nasimama na cha 2010, na nasema wazi kwamba pato la mke ni la mke, ajue mwenyewe ni kiasi gani na alitangaze mwenyewe.

Wala si suala la haki tupu. Ni suala la fedha pia. Hebu tupige hesabu pamoja, polepole, maana redio haina ubao. Chukua bwana ambaye, baada ya makato yanayoruhusiwa, anabaki na shilingi 40,000 kwa mwezi za kutozwa ushuru. Shilingi 24,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, hizo ni 2,400. Shilingi 8,333 zinazofuata zinatozwa asilimia 25, hizo ni kama 2,083. Zilizobaki, 7,667, zinatozwa asilimia 30, yaani 2,300. Jumla ni 6,783. Toa nafuu ya kibinafsi ya 2,400 ambayo kila mkazi anapewa kila mwezi, atalipa 4,383. Mkewe ana shilingi 24,000 za kutozwa ushuru. Asilimia 10 yake ni 2,400, nafuu yake ni 2,400, hadaiwi kitu. Nyumba nzima inalipa 4,383.

Sasa weka mapato yale kwenye chungu kimoja, 64,000, kwa jina la mume na nafuu moja. Zile 24,000 za mke zote zinapanda juu ya za mume na kutozwa asilimia 30. Nyumba inalipa 11,583. Tofauti ni shilingi 7,200 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 86,400. Kila mmoja ana ngazi zake za chini na nafuu yake. Kuziacha kwa kudhani kwamba ndoa imewaunganisha ni kutupa karo ya mtoto. Kwa hiyo, bwana, ukifika kwenye lile swali la mapato ya mke, jibu hapana, na mkeo ajaze ritani yake.

Nakuja kwenye jambo linaloniumiza zaidi. Wanawake wengi wa huku wana PIN ya Mamlaka ya Mapato, KRA, wasiyoikumbuka. Waliitafuta walipoomba mkopo wa masomo wa HELB, au chama kilipofungua akaunti ya benki, au walipoandikishiwa kipande cha ardhi au pikipiki. Kijana wa saiba aliitengeneza, akaweka barua pepe aliyoibuni pale pale na nenosiri alilobaki nalo yeye. Kisha mama akaenda zake. Mwaka ukaisha bila ritani, na mwaka mwingine. Kuchelewa au kutowasilisha ritani kuna faini kwa mtu binafsi: shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi, na faini hiyo ni ya kila mwaka ulioukosa. Mama hana habari, mpaka siku anapotaka cheti cha kutodaiwa ushuru kwa ajili ya kazi au zabuni ya kupika shuleni, anakuta deni limemngoja. Na wapo wanaosema, "Nilidhani mume wangu akijaza, tumejaza sote." Sivyo. Ritani ya mume haifuniki PIN ya mke.

Mwenye PIN isiyo na mapato awasilishe ritani ya sufuri. Inachukua dakika chache na hailipishwi na KRA. Mwenye biashara, hata ya omena na mbuta, aandike mauzo na gharama zake. Ikiwa faida ya mwaka haikuzidi shilingi 288,000, asilimia 10 yake ni 28,800, na nafuu ya mwaka ni 28,800 vilevile, kwa hiyo hakuna la kulipa. Mwenye mauzo yanayozidi milioni moja kwa mwaka aulizie ule ushuru wa mauzo unaoitwa TOT, ambao ni asilimia 3 ya mauzo, tangu 2023. Aliyeajiriwa adai fomu yake ya P9, ile ya mshahara na makato ya mwaka, kutoka kwa mwajiri mapema, asingoje wiki ya mwisho ya Juni wakati mtandao umelemewa na foleni ya saiba imefika barabarani.

Hayo ni ya ushuru. Bima inakwenda njia nyingine kabisa.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, bima ya NHIF tuliyokuwa nayo tangu 1966 iliondoka, ikaja Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, chini ya Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla ya makato mengine, na mchango haushuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na ajira ya mshahara anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake na maisha yake, kisha anapangiwa kiasi ambacho hutakiwa kulipwa kwa mwaka. Sikilizeni vizuri: anayepangiwa ni kaya, si kila kichwa ndani ya kaya.

Hapa ndipo maharusi wanapokosea. Bwana ni mwalimu, anakatwa SHA kila mwezi. Bibi anauza samaki. Kabla ya kuolewa alikuwa amejisajili mwenyewe kama mkuu wa kaya yake, kwa kuwa alikuwa anaishi peke yake, na hakuna ubaya. Wameoana, hakuna aliyegusa usajili. Mfumo unamwona bibi kama kaya inayojitegemea ambayo haijalipa. Siku anashikwa na uchungu wa kuzaa, anafika hospitalini, anaambiwa bima yake haifanyi kazi. Ilhali mumewe amekatwa kila mwezi, na mchango ule ungemfunika yeye na watoto iwapo angeandikwa kuwa mwenzi wake. Huduma za zahanati na vituo vya afya, ngazi ya 2 na ya 3, hulipwa na mfuko mwingine wa serikali kwa kila aliyejisajili. Lakini kulazwa na upasuaji katika hospitali za ngazi ya 4 kwenda juu kunahitaji mchango uwe umelipwa. Kujifungua kwa upasuaji, SHA huilipa hospitali shilingi 30,000. Nani kati yetu ana 30,000 mfukoni usiku wa manane?

Kwa hiyo mkioana, jambo la kwanza, kabla hata ya kumaliza kurudisha viti na mahema ya watu, ni kubonyeza *147# au kwenda kituo cha Huduma, Homa Bay au Migori mjini, na kumwandika mwenzako. Kila mtu mzima ajisajili kwa kitambulisho chake, kisha mmoja amwongeze mwingine na watoto. Kama ninyi wawili mmeajiriwa, msishangae: kila mmoja atakatwa asilimia 2.75 yake. Mwalimu mwenye mshahara wa 50,000 anakatwa 1,375. Muuguzi mwenye mshahara kama huo naye 1,375. Nyumba moja imechanga 33,000 kwa mwaka, na sheria haiwapunguzii kwa kuwa mnalala chini ya paa moja. Wengi hulalamika kwamba hii ni kulipa mara mbili, na mimi nakubaliana nao kwamba Bunge lingefaa kulitazama upya. Mpaka hapo, msiache kuandikana. Mmoja akipoteza kazi, kibarua kikaisha, mwenzake ndiye atakayeibeba nyumba.

Mchango huu una faida katika ritani yenu, na wachache wanaijua. Zamani NHIF ilikupa nafuu ya asilimia 15 ya mchango. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, mchango wa SHA unaondolewa wote kwenye mapato kabla ya ushuru kupigiwa hesabu, pamoja na ule wa asilimia 1.5 wa nyumba za bei nafuu. Kwa yule mwalimu wa 50,000, aliye katika ngazi ya asilimia 30, mchango wa 1,375 unampunguzia ushuru kwa shilingi 412 na ushee kila mwezi. Kwa mtindo wa zamani angepata 206. Mwajiri anatakiwa kulifanya hili moja kwa moja. Angalia P9 yako. Ikiwa makato ya SHA hayakuonekana pale, mwambie mhasibu, kisha uyaandike mwenyewe kwenye ritani.

Na waliochukua bima ya afya ya kampuni binafsi juu ya SHA? Nafuu ya bima ipo bado: asilimia 15 ya ada uliyolipa, isiyozidi shilingi 60,000 kwa mwaka. Ukilipa 40,000 kwa ajili ya mkeo na watoto, unarudishiwa 6,000 kwenye ushuru wako. Ukurasa wa bima kwenye fomu unataka PIN ya kampuni, nambari ya bima, tarehe ya kuanza na ada ya mwaka, basi omba cheti kutoka kampuni mapema. Aliyelipa ndiye anayedai nafuu. Msiidai wawili kwa bima moja. Hilo ni kosa, na ukaguzi ukija mtailipa na riba.

Kuna kizuizi kimoja ambacho kinatuhusu sisi wa ufuoni kuliko watu wa mjini, nacho ni cheti cha ndoa. Huku kwetu ndoa ni ya ukoo kabla ya kuwa ya serikali, na nyumba nyingi zimekaa miaka 20 bila karatasi hata moja. Sheria ya Ndoa ya 2014 inazitambua ndoa za kimila sawa na za kanisani, na inataka waliooana kimila wamjulishe Msajili ndani ya miezi mitatu baada ya kukamilisha taratibu za mila yao. Usajili huo ulianza kufanywa Agosti 2017. Mtu akikuuliza uthibitisho wa kumwandika mkeo, cheti hicho ndicho kinachomaliza maneno. Bila hicho utaanza kutafuta barua ya chifu na kiapo kwa wakili, kwa gharama. Wazee wangu mnaonisikiliza, mnapokaa kuhesabu ng'ombe, waambieni vijana pia wakaandikishe ndoa. Na wewe mwenye wake wawili, sheria hiyo hiyo inazitambua ndoa zako za kimila. Hakikisha kila nyumba yako imesajiliwa SHA na imelipiwa kabla ugonjwa haujabisha. Mtoto wa mke wa pili anaugua malaria ile ile.

Nisiwasahau watoto wa Kisegi walioko Marekani, maana najua wanatusikiliza kwa simu, na kwao mambo yamegeuka kichwa chini. Marekani, aliyeoana hata tarehe 31 Desemba anahesabiwa kuwa mwanandoa kwa mwaka mzima, na wengi wanafaidika kwa kuwasilisha ritani moja ya pamoja. Mwenye bima ya soko la serikali, ile watu wanaiita Obamacare, akitaka kuitunza ruzuku ya ada yake analazimika, isipokuwa katika hali chache kama za kupigwa au kuachwa na mwenzi, kujaza ritani ya pamoja. Anapokea Fomu 1095-A, kisha anapiga hesabu ya ruzuku kwenye Fomu 8962. Wawili waliokuwa wakipata ruzuku kila mmoja peke yake wanaweza kudaiwa kurudisha fedha mapato yakijumlishwa. Ipo hesabu mbadala ndani ya Fomu 8962 kwa ajili ya mwaka wa kuoana, na anayewatayarishia ritani aulizwe kuhusu hiyo. Soko la bima lijulishwe habari ya ndoa mara moja, maana una siku 60 tu za kubadilisha mpango wako.

Na kwa yule mwenye mke hapa kwetu: mnaweza kuchagua kumhesabu mkeo kama mkazi wa Marekani kwa ajili ya ritani ya pamoja, akiombewa nambari ya ushuru ya kule, ITIN. Lakini mkichagua hivyo, mapato yake ya Kisegi nayo yanatangazwa kule. Bima ya kule haimtibu akiwa huku, kwa hiyo usifikiri kwamba umemaliza. Bado unahitaji kumlipia SHA hapa nyumbani. Tuma fedha hizo, na mkeo akutumie risiti.

Sasa nawaomba jambo moja, maharusi. Chagueni jioni moja kabla ya Juni kuisha, mzime televisheni, mkae mezani na simu mbili, vitambulisho viwili na P9 za aliyeajiriwa. Mke afungue iTax yake mwenyewe, kwa nenosiri analolijua yeye, na kama barua pepe iliyoko pale ni ya kijana wa saiba, mwende kituo cha Huduma ikabadilishwe. Mume asijaze ritani ya mke akiwa hayupo, wala mke asikubali kutia jina lake kwenye hesabu asiyoielewa. Kisha mtazame usajili wa SHA na mhakikishe kwamba mmeandikana. Ritani ikipokelewa, iTax itawapa risiti; kila mmoja aiweke yake. Dirisha linafungwa usiku wa tarehe 30 Juni, na faini ya 2,000 inaanza asubuhi yake.